Miti na Maji Tu? Barua za Wasomaji Kuhusu Milima ya Udzungwa

Barua nne zilizofika katika meza ya safu hii mwezi huu zinauliza habari za mahali pamoja, napo ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoko katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Tumeona tuzijibu pamoja. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu swali lake ndilo linalozaa mengine.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi na mke wangu tunaishi Tabata na tuna watoto wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 15. Tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo ili mwaka huu tuwapeleke katika hifadhi ya taifa, nami nikapendekeza Udzungwa kwa kuwa watoto wanapenda milima. Shemeji yangu, ambaye hupita Mang'ula mara kwa mara akienda Ifakara kikazi, alicheka na kusema kwamba huko kuna miti na maji tu, simba haonekani, gari haliingii, na kwamba ni afadhali fedha hiyo twende nayo Mikumi, au tuongeze kidogo twende Kaskazini. Sasa mke wangu ameingiwa na shaka. Nielezeni kwa uwazi: kuna sababu gani ya msingi ya mtu wa Dar es Salaam kufunga safari hadi hifadhi ya milima? — Baba wa Wawili, Tabata.

JIBU: Baba wa Wawili, shemeji yako amekuambia kweli. Gari haliingii, simba usimtarajie, na kwa siku nzima macho yenu yatakuwa juu ya miti na maji. Ninapotofautiana naye ni kwenye lile neno “tu”, kwa sababu miti ile ina historia ambayo ni mahali pachache sana duniani panapoweza kulingana nayo, na maji yale yamekuwa yakiwahudumia ninyi pale Tabata miaka yote hii kabla hamjayatembelea hata mara moja.

Nianze na maji. Upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi huvuma kuelekea bara hadi unapogonga kuta za milima hii, ukalazimika kupanda, ukapoa na kuangusha mvua. Mvua hiyo haiporomoki yote kwa mara moja, kwa kuwa msitu huipokea kwanza kwa matawi, kisha kwa tabaka nene la majani yaliyooza, kisha kwa mizizi na udongo, ambao huinywa taratibu na kuiachia taratibu. Ndiyo maana vijito vya Udzungwa huendelea kutiririka mwezi Septemba na Oktoba, wakati ardhi ya bondeni imepasuka kwa ukavu. Upande wa kusini-mashariki maji huingia Mto Kilombero, upande wa kaskazini huingia Ruaha Mkuu, na mito yote miwili humwaga maji yake katika Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji huletwa na Kilombero. Ruaha Mkuu ndio unaozungusha mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204, na Rufiji ndio unaojaza Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Kwa hiyo jioni mnapowasha taa sebuleni, sehemu ya mwanga huo ilianza safari yake kama ukungu juu ya vilele ambavyo mwanao anataka kuviona.

Ongeza hapo sukari ya Kilombero, ambayo miwa yake imejaa uwanda wote ulio chini ya milima hiyo, na mchele wa Ifakara, unaolimwa katika bonde ambalo tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hata maji ya bomba, ambayo kwa wakazi wengi wa jiji letu hutoka Mto Ruvu, yana chimbuko lake kubwa katika Milima ya Uluguru, nayo Uluguru ni ndugu wa tumbo moja na Udzungwa. Yote miwili imo katika Tao la Mashariki, ile safu inayoanzia Milima ya Taita nchini Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Rubeho, hadi ikafika Udzungwa na Mahenge. Mtoto anayesoma jiografia darasani na kukariri neno “chanzo cha maji” kwa ajili ya mtihani anastahili kukitia mkono chanzo chenyewe, akasikia kilivyo baridi.

Sasa miti. Kilimanjaro, pamoja na utukufu wake wote, ni mlima mchanga uliojengwa na volkano. Milima ya Tao la Mashariki ni miamba mikongwe iliyoinuliwa kwa kupasuka kwa ardhi zamani mno, na wanasayansi hukadiria kwamba misitu yake imekuwapo kwa takriban miaka milioni 30. Vipindi vya ukame vilipolikumba bara la Afrika na misitu yake mikubwa ikasinyaa, bahari iliendelea kuipelekea milima hii mvua, hivyo viumbe waliokuwa humo wakabaki kama watu wa kisiwani, wakizaana na kubadilika peke yao bila kuchanganyika na wenzao wa mbali. Huko Udzungwa msitu bado umeshikamana kutoka mita zipatazo 250 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000, bila kukatizwa na shamba wala kijiji, jambo ambalo hulikuti penginepo katika Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba mnyama anayefuata matunda au ubaridi anaweza kupanda na kushuka mlima mzima akiwa kivulini.

Kutokana na kutengwa huko kwa muda mrefu, wamo humo wanyama wasiopatikana popote pengine duniani. Mmoja ni nyani mdogo mwenye manyoya ya kijivu ambaye wenyeji humwita ng'olaga. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, baada ya watafiti kusikia mlio wake msituni na kuelezwa na mwenyeji ni mnyama gani, nao wakampa jina la Sanje, mahali palipo chini ya mlima huo huo. Mwaka 1991 watafiti wengine waliokuwa wamepiga kambi katika misitu ya Udzungwa waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mboga, wakastaajabu kwa sababu haikufanana na ya kwale yeyote waliyemjua. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ni kwale wa peke yake kabisa, ambaye jamaa zake wa karibu wako katika milima ya Asia. Kisha mwaka 2005 kamera iliyofungwa mtini ilinasa picha ya sange mkubwa, mnyama mwenye pua ndefu, mwenye uso wa kijivu, naye akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2008. Hebu fikiri juu ya miaka hiyo. Binadamu alikuwa ametembea mwezini miaka mingi nyuma, na bado katika milima isiyo mbali sana na kwetu kulikuwa na mnyama anayetembea mchana ambaye hakuwamo katika kitabu chochote.

Hii ndiyo hoja ningemwekea shemeji yako mezani. Simba ukimkosa Mikumi utamkuta Ruaha, Serengeti au Nyerere. Ng'olaga ukimkosa katika Milima ya Udzungwa, hakuna pengine pa kumtafuta. Karibu ni hivyo hivyo kwa mbega mwekundu wa milima hii, mwenye kichwa chenye nywele nyekundu zilizosimama, ambaye kwa bahati njema haoni haya kwa wageni na mara nyingi huonekana hata karibu na ofisi za hifadhi.

Ama kuhusu gari kutoingia, hiyo kwangu ni sifa. Ndani ya hifadhi hii yenye kilomita za mraba 1,990 watu hutembea kwa miguu, wakiongozwa na mtu anayeijua njia, na mtembeaji huona mambo ambayo abiria wa gari hayaoni. Mara yangu ya kwanza kwenda Maporomoko ya Sanje nilifuatana na mpwa wangu, kijana wa Magomeni aliyekuwa na umri wa mwanao mkubwa. Nusu saa ya kwanza alikuwa akiuliza tumebakiza mwendo gani. Baadaye mwongozaji alisimama, akainua kidole, tukasikia matawi yakivunjika juu yetu na kundi la mbega likapita kwa kurukia mti hadi mti, wengine wakiwa na watoto wamewakumbatia tumboni. Kuanzia hapo yule kijana hakuuliza tena habari za mwendo. Alianza kuuliza majina ya miti, na alipoambiwa kwamba mmoja ni mvule, mti aliokuwa akiujua kama mlango wa nyumba ya babu yake, aliushika gome lake kwa viganja vyote viwili.

Maporomoko hayo hushuka mita 170 kwa ngazi tatu. Njia yake huanzia kituo cha Sanje, kilomita kama 10 kutoka makao makuu ya hifadhi yaliyopo Mang'ula, na mzunguko wake wa kilomita 5 hivi huchukua muda wa saa nne kwa watu wasio na haraka. Inapanda kwa ukali katika sehemu kadhaa, lakini watoto wa umri wa wanao wataimudu vizuri. Ukifika juu, maji hutulia katika vidimbwi ambamo watu huoga, kisha yanatumbukia ghafla ukingoni, na mbele yako bonde lote la Kilombero linatandazika, mashamba ya miwa yakiwa kama mkeka wa kijani hadi macho yanaposhindwa kufika. Nakushauri ukae hapo muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Waonyeshe watoto maji yanayoanguka, kisha yale mashamba, kisha upande wa mashariki ambako mto huelekea baharini, nao wataliunganisha somo wenyewe.

Kuhusu Mikumi, huna haja ya kuchagua kati ya mmoja na mwingine, kwa sababu barabara kuu iendayo Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na kutoka dirishani mwa basi abiria huona swala, pundamilia, twiga, na mara nyingine tembo au nyati. Waketisheni watoto dirishani. Kaskazini ni kuzuri na siwezi kumkataza mtu. Ila mwenye shauku ya mlima akiukusudia Kilimanjaro wenye mita 5,895 ajue kwamba atahitaji siku nyingi, nguo za baridi kali, wapagazi na fedha ya kutosha, na bado mwili unaweza kuukataa ule urefu. Kilele kirefu cha Udzungwa, kiitwacho Luhombero, kina mita 2,576, na njia mtakazopita ninyi ziko chini sana ya hapo, kwa hiyo ugonjwa wa urefu hauwahusu.

Kwa usafiri, Mang'ula ni mwendo wa kilomita kama 350 kutoka hapa. Mabasi ya Ifakara huondoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi, yakapita Morogoro na Mikumi mjini, kisha yakakata kushoto kuelekea Kidatu. Mnaweza pia kupanda treni ya SGR hadi Morogoro na kumalizia kwa basi, jambo ambalo watoto watalifurahia. Iko pia njia ya TAZARA, kwa kuwa Mang'ula ni stesheni ya reli hiyo na treni hupita ndani ya Hifadhi ya Nyerere, lakini ulizeni ratiba kwanza katika stesheni iliyoko makutano ya Barabara ya Nyerere na Mandela, maana siku za treni ni chache. Ada ya kiingilio kwa raia hulipwa kwa shilingi na ni ndogo mno ukiilinganisha na ya mgeni kutoka nje. Watoto hulipa pungufu, na huduma ya mwongozaji hulipiwa peke yake. Malipo ya getini si ya fedha taslimu, hivyo hakikisheni simu au kadi ya benki ina salio. Tengeni siku tatu, yaani moja ya kwenda, moja ya mlimani na moja ya kurudi.

Jambo moja la mwisho kwako. Waambie watoto mapema kwamba hawaendi kuona simba. Mtoto aliyeahidiwa simba atamtafuta simba siku nzima, na kila kilicho mbele yake kitampita.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mang'ula ninayeishi Mbagala kwa sasa. Nimekuwa nikisoma makala nyingi zinazosifu Udzungwa, lakini sijaona zinazowataja mama zetu waliokuwa wakiokota kuni huko, wala wakulima ambao tembo hula mpunga na migomba yao. Mnapowahimiza watu wa mjini wakatembee kule, sisi wenyeji tunapata nini? — Mwana wa Kilombero, Mbagala.

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kuandika, na swali lako halistahili jibu la kupoza.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi wanavijiji waliruhusiwa kuingia pembezoni mwa msitu siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Hoja ya uhifadhi ilikuwa na uzito: bonde lilikuwa limejaa watu waliovutwa na miwa, mpunga na reli, misitu ya uwandani ilikuwa imekwisha, na kwa upande wa msitu wa Mwanihana, ulio mashariki mwa hifadhi, mashamba yamesogea hadi ukingo wenyewe wa msitu, hakuna hata eneo la katikati la kupunguza mbano. Hata kuni kavu ni chakula cha udongo, na zinapochukuliwa na kaya nyingi mno kwa miongo miwili, msitu hupungukiwa. Pamoja na hayo, mzigo wa katazo lile haukugawanywa sawa. Aliyeubeba ni mama mwenye sufuria mekoni, ambaye ilimbidi kununua kile alichokuwa akikiokota, au kutembea mbali zaidi kukitafuta. Yeyote anayesimama Sanje na kusifu uzuri wa msitu ajue kwamba kuna watu waliotoa kitu ili msitu ule ubaki umesimama.

Kuhusu tembo, kisa chake ni cha njia. Zamani walikuwa wakivuka bonde kati ya Udzungwa na eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyerere, kisha mashamba na makazi yakaiziba njia hiyo, na mnyama mwenye kumbukumbu ndefu kama tembo haisahau kwa sababu pameoteshwa mpunga. Zipo juhudi za kuirudisha njia hiyo, ikiwa ni pamoja na kivuko cha kupita chini ya barabara, na wapo wakulima waliokubali ardhi yao itumike. Wengine huko Mang'ula wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya: tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka, kwa kuwa huogopa nyuki. Tena mkulima hupata asali. Uzio huo hauzuii kila tembo, ila ni njia ambayo mkulima anaimiliki yeye mwenyewe.

Wenyeji wanapata nini kutoka kwa mgeni? Jibu langu ni kwamba hilo hutegemea mgeni anavyosafiri. Akifika asubuhi kwa gari lake, akapanda mlima na kula vitafunwa alivyonunua mjini, akaondoka jioni, kijiji kimebakiziwa vumbi. Akilala katika nyumba ya wageni ya pale pale, akala kwa mama lishe, akamtafuta mwongozaji aliyekulia chini ya mlima ule, akanunua asali na ndizi za kurudi nazo, fedha hiyo inabaki katika mikono inayostahili. Ndiyo maana nimemwambia Baba wa Wawili atenge siku tatu, na ninawaomba wasomaji wengine wote wafanye hivyo hivyo. Nawe, ukienda nyumbani likizo, tuandikie ni nani anauza asali ya mizinga hiyo na anapatikana wapi sokoni, ili tuwaelekeze watu kwake.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu ni miaka 68, na goti langu la kulia si zuri. Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi na kuwachorea wanafunzi Tao la Mashariki ubaoni, lakini sijawahi kulikanyaga. Je, nimekwisha kuchelewa? — Mwalimu, Temeke.

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Hujachelewa, lakini Sanje nakuomba uiache, kwa kuwa goti bovu huumizwa zaidi na mteremko wa kurudi kuliko mpando wa kwenda. Karibu na makao makuu ya hifadhi kuna njia fupi ya kwenda maporomoko yaliyopewa jina la Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, aliyekuja kuizindua hifadhi mwaka 1992. Ni mwendo mdogo, utauweza kwa mkongojo na kwa kupumzika, na utakuwa ndani ya msitu wenyewe, chini ya miti ile ile. Nenda asubuhi mapema kabla joto la bonde halijapanda, maana Mang'ula iko chini na hewa yake ni ya unyevunyevu. Mbega hula majani na hawana pupa. Ukikaa kitako kwa utulivu watakuja juu yako na kuendelea na shughuli zao. Chukua chandarua au uhakikishe unapolala kipo, kwa kuwa mbu wa bonde la Kilombero ni wengi. Na ukiweza, nenda na mmoja wa wanafunzi wako wa zamani, umwonyeshe kile ulichomchorea ubaoni.

SWALI: Sisi ni kikundi cha wasichana wanane wa Kigamboni, wenye umri kati ya miaka 22 na 27. Tunataka kulala mlimani, siyo kwenda na kurudi siku moja. Inawezekana? Twende lini, na tujiandae vipi? — Dada wa Kigamboni.

JIBU: Inawezekana sana. Njia inayowafaa ni ya kilele cha Mwanihana, yenye kilomita 38 za kwenda na kurudi, ambayo hutembewa kwa siku tatu na kulala usiku mara mbili msituni, mkifuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu tembo na nyati wamo. Iko ndefu zaidi ya Lumemo, kilomita 65 kwa siku tano, lakini hiyo iacheni hadi mara ya pili. Wasilianeni na hifadhi mapema, kwa kuwa askari na mwongozaji hupangwa kabla na hamwezi kufika getini mkaondoka papo hapo.

Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Miezi ya masika njia huwa utelezi mtupu, mito hujaa, na kilele hufunikwa na mawingu hata msione kitu. Hata hivyo chukueni makoti ya mvua katika msimu wowote, maana ule msitu hauhesabu miezi kama sisi. Viatu viwe vyenye soli ya meno na ambavyo mmekwisha kuvivaa kwa wiki kadhaa. Kiatu kipya siku ya kwanza ya safari huchubua kisigino, na mtu mmoja aliyechubuka hulisimamisha kundi zima. Suruali ndefu, soksi ndefu, tochi ya kichwani, sweta moja la usiku. Takataka zote mrudi nazo, na vyakula msifungashe katika mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kuhusu mazoezi, Kigamboni hakuna mlima, na kukimbia ufukweni hakutoshi kwa sababu misuli inayopanda si ile inayokimbia kwenye tambarare. Jumamosi nne au tano kabla ya safari, amkeni alfajiri mwende Kisarawe kwenye vilima na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, kila mmoja akiwa na begi mgongoni lenye uzito ule ule atakaoubeba Mwanihana, mpande na kushuka kwa saa tatu au nne. Atakayeona begi limemlemea atoe vitu Pugu, kabla hajafika Mang'ula.